Fimbo za kuvulia juu ya Probox: shina lishikwe, ncha iachwe

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mkazi wa Chuda, hapa Tanga. Nina Probox yenye keria ya chuma. Ina mihimili miwili, na kutoka mhimili mmoja hadi wa pili ni mita 1 na sentimita 20. Nina fimbo nne za kuvulia: mbili za futi 7, kipande kimoja kimoja, na mbili za futi 12 zinazotenganishwa katikati. Jioni huvua Raskazone, mwisho wa wiki huenda Pangani. Mwezi uliopita nilizilaza ndani ya gari, ncha zikatokeza dirishani. Tulipopita tuta, moja ikakatika karibu na ncha, pete mbili za kupitishia mshipi kutoka juu. Sasa nataka kutengeneza kibebeo mwenyewe kwa bomba la plastiki, nikifunge juu ya keria. Nitumie bomba la inchi ngapi, nilikate urefu gani, nilifunge vipi, na wezi niwafanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole kwa fimbo yako. Kabla hatujafika kwenye bomba, hiyo iliyokatika usiitupe. Pete mbili kutoka juu si mauti. Kata pale penye ufa hadi ufike kwenye ngozi nzima, piga msasa taratibu, tafuta pete ya ncha inayoingia bila kulazimishwa, ibandike kwa gundi. Itakuwa fupi na ngumu kidogo, haitarusha mbali kama zamani, lakini kwa chambo cha ngisi pale Raskazone itakutumikia miaka.

Sasa tuangalie imevunjikaje, maana kibebeo kizima kinajengwa juu ya jibu hilo. Fimbo imeumbwa ikunjwe. Kolekole wa kilo 5 akivuta, mshipi unagawa mzigo kwenye pete zote, na fimbo inajipinda kidogo kidogo kuanzia nchani hadi karibu na mkono wako. Hakuna mahali pamoja panapobeba mzigo wote. Ukiiegemeza kwenye ukingo wa dirisha mambo yanageuka: shina limelala kitini, ncha inaning'inia nje, na gari linaporuka tuta mzigo wote unaangukia sentimita moja ya fimbo pale ilipogusa chuma. Kama ni fimbo ya kaboni, inawezekana kabisa haikuvunjika siku ile. Ilikuwa imekwaruzwa safari tatu au nne za nyuma, na tuta likamalizia tu. Kaboni ni nyepesi na ina nguvu nyingi ya kukunjika, lakini haisamehi mkwaruzo. Fimbo za nyuzi za kioo ni nzito na zinavumilia zaidi, nazo pia zina mwisho wake.

Kwa hiyo mimi nina kanuni moja tu, na kila kibebeo nilichokitengeneza au kukikagua nakipima kwayo: shina lishikwe, ncha iachwe. Sehemu nene ishikwe imara isiende mbele wala nyuma, na sehemu nyembamba isiguse kitu chochote kigumu kuanzia Chuda hadi Pangani. Kibebeo kinachoshika ncha na kuacha shina lichezecheze kitakuvunjia fimbo hata kikiwa kimetengenezwa kwa dhahabu.

Tuanze na kipimo, maana hapa ndipo watu wengi wanapopoteza hela. Mtu akisikia ana fimbo ya futi 12 anakwenda dukani kutafuta bomba la karibu mita 4. Futi 12 ni mita 3 na sentimita 66, kweli, lakini yako inatenganishwa, kwa hiyo kila kipande ni kama mita 1 na sentimita 83. Fimbo yako ndefu kwa kubeba ni ile fupi kwa kuvulia! Futi 7 isiyotenganishwa ni mita 2 na sentimita 13, na hiyo ndiyo inayoamua urefu wa bomba. Zipime mwenyewe kwa futi ya fundi, maana namba iliyoandikwa kwenye fimbo huwa imezungushwa.

Kwenye hizo mita 2.13 ongeza sentimita 7 nyuma, kati ya shina na kifuniko, na sentimita 15 mbele ya ncha. Katika zile 15 za mbele, 5 ni za sponji na 10 zinabaki tupu kabisa. Jumla unapata mita 2 na sentimita 35. Mabomba ya maji machafu kwa kawaida huuzwa kwa urefu wa mita 6, kwa hiyo bomba moja linakupa vibebeo viwili vya urefu huo na masalio ya zaidi ya mita 1. Yale masalio usimwachie mwenye duka, tutayahitaji.

Bomba liwe la inchi 4, lile ambalo kipenyo chake cha nje ni milimita 110. Ndani utapata zaidi kidogo ya sentimita 10. Chagua lenye ukuta mnene. Libonyeze kwa viganja viwili hapo hapo dukani. Likibonyea kirahisi asubuhi, jua la saa saba litalipinda kama ndizi. Wapo watakaokushauri inchi 3 au inchi 2 ili upunguze gharama. Inchi 2 haitakufaa, kwa sababu pete kubwa ya kwanza ya fimbo ya futi 12 pamoja na miguu yake husimama sentimita 5 au zaidi juu ya fimbo, na ukiisukuma kwa nguvu unapinda miguu ya pete au unapasua kigae kilicho ndani ya pete. Inchi 3 ingetosha fimbo moja moja, lakini ungehitaji mabomba manne, na keria yako ingefanana na ya gari la fundi bomba. Kwa inchi 4, bomba la kwanza litabeba zile mbili za futi 7, la pili litabeba vipande vinne vya zile za futi 12.

Umeniuliza inchi na urefu, lakini hukuniuliza mdomo wa bomba uelekee wapi, na hilo lina uzito kuliko yote mawili. Mdomo uangalie nyuma ya gari. Mbele pazibwe kwa kofia iliyogundishwa moja kwa moja, nyuma pawe na kifuniko cha kuzungusha, kile chenye meno ambacho mafundi bomba hukiweka mahali pa kuzibulia maji machafu. Fimbo iingie ncha kwanza, na shina libaki karibu na mdomo, karibu na mkono wako.

Cha kwanza nilichotengeneza mimi, miaka mingi iliyopita, nilikifanya kinyume. Niliwaza kwamba gari likifunga breki vitu huenda mbele, basi sehemu nzito itangulie ikae kwenye sponji. Ilionekana busara. Lakini kila nilipofika ufukweni ilinibidi kuzivuta fimbo kwa ncha, usiku, mikono ina chumvi, na mwenzangu ananiharakisha kwa sababu maji yanaanza kupwa. Nilivunja mbili katika msimu mmoja wa kaskazi, na zote mbili gari likiwa limesimama. Fimbo yenyewe ni gramu mia chache tu, breki haiwezi kuirusha kwa nguvu ya kutisha kama shina limeshikwa. Kazi yetu basi ni kulishika shina.

Hapa ndipo yanapoingia masalio ya bomba pamoja na kandambili zilizochakaa. Kata pete ya bomba yenye upana wa sentimita 3. Ipasue, kisha uondoe kipande cha kama sentimita 2 katika mzingo wake, ili ukiibana iingie ndani ya bomba kubwa. Igundishe ndani, ukingo wake wa nyuma uwe sentimita 15 kutoka mdomoni. Umepata bega ndani ya bomba. Halafu chukua nyayo za kandambili nene, kata visahani viwili vya mviringo vinavyoingia bombani kwa kubana kidogo, vigundishe kimoja juu ya kingine upate unene wa sentimita 3. Toboa matundu kulingana na unene wa mashina: mawili kwa bomba la kwanza, manne kwa la pili. Kutoka kila tundu pasua mstari mmoja hadi ukingoni, ili usahani ufunguke na shina liingie kwa ubavu. Tundu liwe dogo kidogo kuliko shina. Ukilivalisha na kulitikisa, shina lisisogee.

Basi ukitaka kupakia, unafanya kazi yote nje ya bomba, penye mwanga. Unazivalisha fimbo mbili usahani mmoja, mashina yakitokeza nyuma yake kwa sentimita 5, zinakuwa mzigo mmoja. Unaziingiza ncha kwanza hadi usahani ugote kwenye bega. Hapo haziwezi kwenda mbele hata ukikanyaga breki ya ghafla kwa ajili ya mbuzi. Zisirudi nyuma, weka kipande cha sponji ya godoro kati ya usahani na kifuniko, kiwe kirefu kidogo kuliko nafasi iliyopo, kisha funga. Kule mbele ncha zinaelea. Hazigusi kitu, na zikitetemeka kuna sponji laini inayozisubiri.

Fimbo zisiingie uchi. Mwombe fundi cherehani akushonee mifuko mirefu kama soksi kwa kanga kuukuu, kila fimbo na mfuko wake. Kanga ni laini na hukauka upesi, na bila mifuko hiyo pete za fimbo moja zitakwaruza ngozi ya nyenzake njia nzima. Kwa zile za futi 12, shina na ncha vikae kwenye mifuko tofauti, na mdomo wa kiungo uuzibe kwa kitambaa, maana chembe ya mchanga ikiingia pale fimbo itakuja kung'ang'ania siku moja uitoe kwa kuivunja. Na kabla ya kuiingiza mfukoni, ifute kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi. Chumvi ikifungiwa ndani ya bomba hula miguu ya pete kimyakimya.

Kuhusu gundi sitakaa sana. Kata bomba kwa msumeno wa chuma, ukizungusha karatasi kwanza uchore mstari ulionyooka. Futa vumbi, paka gundi ya bomba pande zote mbili, sukuma ukizungusha robo ya mzunguko, shikilia nusu dakika, kisha uliache hadi kesho yake. Meno ya kifuniko cha nyuma usiyatie gundi, yapake grisi kidogo tu. Jambo moja nalisisitiza: mafundi wengi wana tabia ya kulichoma bomba motoni ili wapanue mdomo badala ya kununua kiungo. Usifanye hivyo, na asikufanyie mtu. Moshi wa plastiki hii una asidi inayochoma koo na mapafu, na ukuta uliochomwa unabaki mwembamba, hautakubali kifuniko cha meno.

Kwenye tumbo la bomba, upande wa chini, toboa matundu mawili ya milimita 6, moja karibu na kofia ya mbele na moja karibu na mdomo. Maji ya mvua au ya jasho la bomba yatoke hapo. Usitoboe usoni mwa kofia ya mbele, maana ukienda kwa kasi mvua itasukumwa ndani, na upepo utakupigia filimbi hadi Pangani.

Sasa juu ya keria. Bomba lilale kwa urefu wa gari, sambamba na paa. Usilikalishe mshazari hata kama utaona linakaa vizuri zaidi. Bomba lako likitazama upepo kwa uso wake wa mviringo, eneo linalopigwa ni dogo kama kisahani cha chai. Likitazama kwa ubavu, eneo ni kubwa mara 27. Na nguvu ya upepo haikui sawasawa na mwendo: kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 100, upepo unasukuma mara 4. Likiwa limenyooka, bolti zako hazitahisi kitu.

Mihimili yako iko vizuri. Kwa bomba la mita 2.35 juu ya mihimili yenye mita 1.20 kati yake, kila upande utaning'inia kama sentimita 57, chini kidogo ya robo ya urefu wote, na mimi sipendi ipite hapo. Probox nzima ina karibu mita 4.2, kwa hiyo bomba halitatokeza mbele wala nyuma, na hutahitaji kitambaa chekundu.

Kila mahali bomba linapokutana na mhimili, weka kitako cha mbao kilichochongwa nusu duara, ukitandike mpira wa tyubu ya baiskeli. Juu ya bomba pitisha yu-bolti, yaani bolti iliyopindwa kama herufi U, iliyovalishwa mpira huo huo, chini ya mhimili weka bati pana, washa, na nati mbili mbili, ya pili ikiibana ya kwanza. Barabara yenye matuta hulegeza nati moja kabla hujafika Tongoni, njiani kwenda Pangani. Kaza mpaka bomba lisizunguke kwa mkono, kisha acha. Ukiliona linaanza kubonyea umepitiliza.

Na hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Yu-bolti ya mbele ikaze, ya nyuma iache ipumue. Plastiki hii hutanuka kwa joto kama milimita 0.07 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Umeondoka alfajiri kuna baridi, saa nane mchana bomba limelala juani Pangani, tofauti ya nyuzi 30 si ajabu. Bomba lako litakuwa limerefuka milimita 5 hivi. Likiwa limebanwa kwenye mihimili yote miwili, sehemu iliyo kati yake haina pa kwenda, litajikunja katikati au kupasuka kwenye bolti. Nimewahi kuletewa bomba lililopasuka hivyo, mwenyewe akidhani ameuziwa bovu. Lilikuwa zima. Lilinyimwa milimita chache tu.

Jua lina ubaya wa pili. Linaibadili rangi plastiki na kuifanya iwe kavu, ivunjike kama kigae baada ya miaka michache. Dawa yake ni rahisi: sugua bomba zima kwa msasa laini, lipake rangi nyeupe ya maji ya nyumba, mikono miwili. Rangi inazuia mionzi, na weupe unarudisha joto. Wengi hupenda kupaka nyeusi ifanane na keria. Nakusihi usipake nyeusi. Ndani ya bomba jeusi lililoegeshwa juani, pete za ncha hulegea zenyewe, maana nyingi hubandikwa kwa gundi inayoyeyuka kwa moto. Hata jeupe lisibaki na fimbo ndani mchana kutwa. Ukifika, zitoe, uzisimamishe kivulini.

Chuma chako kiandae kwa ajili ya hewa ya Tanga. Bolti za kawaida zitaliwa na kutu kabla ya masika kupita. Ukimudu stenlesi, nunua stenlesi. Usipoimudu, nunua zilizopakwa zinki, zipake grisi, na uzikague kila mwezi. Pale utakapotoboa au kukwaruza keria, paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo.

Weka mabomba upande wa kushoto wa gari. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukisimama kando ya barabara kupakua, wewe uko upande wa nyasi na malori yanapita upande wa pili.

Hukuuliza kuhusu rili, zile mashine za kukunjia mshipi, lakini najua utauliza ukishaona kwamba haziingii bombani. Wapo wanaochana mpasuo mrefu mdomoni mwa bomba ili shingo ya rili ipite, rili ikae nje na mshipi ubaki umepitishwa kwenye pete. Nimeviona na vinafanya kazi. Kama ungekuwa unavua Raskazone tu, nisingekukataza. Lakini wewe unakwenda Pangani, na palipo na vumbi rili iliyokaa nje ya bomba inalinywa lote. Vumbi na chumvi pamoja ni msasa ndani ya mashine. Zifunge kwenye taulo, uziweke ndani ya ndoo yenye mfuniko, miguuni kwa abiria. Kupitisha mshipi upya kwenye pete ni kazi ya dakika 5 kwa kila fimbo, na ukiipitisha kwa vidole vyako kila safari, utaigundua pete iliyopasuka kabla haijakukatia mshipi wenye samaki.

Wezi. Nitakwambia ukweli. Unaweza kutoboa tundu linalopita kwenye kifuniko na shingo ya bomba ukatia kufuli dogo, na fanya hivyo, maana linamzuia mpita njia na linakuzuia wewe kusahau kifuniko wazi. Nati za chini ya keria, baada ya kuzikaza kwa mara ya mwisho, gonga meno ya bolti kwa nyundo zisifunguke kwa mkono, isipokuwa zile za yu-bolti ya nyuma ambazo utataka kuzigusa tena. Lakini mtu mwenye msumeno atalikata bomba kwa dakika chache. Fimbo zilale ndani ya nyumba kila usiku. Bomba tupu likibaki juu ya gari, kifuniko kiache wazi, kila mtu aone hakuna kitu.

Kwa zile jioni za Raskazone hata usilihangaikie bomba. Kutoka Chuda ni mwendo mfupi. Funga kamba mbili za mpira ndani ya gari, kutoka kishikio cha juu ya mlango mmoja hadi cha upande wa pili, mbele na nyuma. Laza vipande vya zile fimbo za futi 12 chini ya dari, mashina yakiwa nyuma na yamezungushiwa mpira yasiteleze, ncha zikielekea mbele lakini zisifike kwenye kioo. Ndoana na chubwi zitoe zote. Ndoana iliyoning'inia kwenye fimbo ndani ya gari ni hatari kwa jicho la abiria, na chubwi inayogongagonga ngozi ya kaboni ni ule ule mkwaruzo niliousema mwanzo.

Utaona pia picha za magari yenye mabomba mafupi yaliyosimamishwa wima kwenye bampa la mbele, fimbo zikipepea juu kama milingoti. Yanafaa kuhama ufukweni kutoka mahali pamoja pa kuvulia hadi pengine, gari likienda polepole kama mtu anayetembea. Kwa barabara, siyakubali. Fimbo ya futi 12 ikisimama juu ya bampa inapita mita 4 kwenda juu. Kuna matawi ya miembe, kuna waya za simu, na kuna nyaya za umeme. Kaboni inapitisha umeme. Hili nalisema kwa uzito wote: popote penye nyaya juu, fimbo yako isiunganishwe. Iunganishe ukishafika mchangani penye anga tupu, na radi ikianza kunguruma ilaze chini, uondoke majini.

Rafiki yako yeyote mwenye bodaboda naye anaweza kufaidika na masalio yaliyobaki, lakini kwa fimbo za vipande vitatu au vinne tu. Bomba fupi, mkanda wa begi, linavaliwa mgongoni mshazari bila kupita juu ya kichwa. Fimbo ndefu na bodaboda haviendi pamoja.

Ukimaliza, usitie fimbo zako siku ya kwanza. Tafuta mwanzi mkavu, ukate uwe na urefu sawa na fimbo yako ya futi 7, uvalishe usahani kama fimbo, na ncha yake uipake masizi ya sufuria. Ile sponji ya mbele iwe nyeupe. Pakia, funga, endesha hadi kwenye magofu ya Tongoni na urudi, ukipita matuta yote kwa mwendo wako wa kawaida. Njiani, baada ya kilomita 10 za mwanzo, simama ukaze nati zilizolegea. Ukifika nyumbani, toa mwanzi polepole na umulike ndani kwa tochi ya simu. Sponji ikiwa na doa jeusi katikati, mwanzi umesogea mbele: usahani haubani, punguza tundu. Ukiona weusi umepakaa kwenye kuta za bomba, ncha inayumba kupita kiasi, ongeza unene wa usahani ushike shina kwa urefu zaidi. Sponji ikibaki nyeupe na kuta zikiwa safi, Jumamosi pakia fimbo zako na uondoke mapema, ukute maji ya bamvua yanajaa pale mlangoni mwa mto Pangani.